Koti la Mjukuu

Dada yangu ni fundi cherehani mwaka wa thelathini sasa, na hakuwa amewahi kukubali kutajiwa vipimo kwa simu. Siku ile alikubali, kwa kuwa aliyepiga ni mwanawe wa pekee.

"Mama, umepata mjukuu," kijana alisema. "Tumemchukua kituoni. Maskini, hakuwa na mtu."

Tangu kijana aoe, dada alikuwa amesubiri mjukuu miaka sita. Hakuuliza kituo gani, na nani angeuliza? Kwa watu wazima kama sisi, kituo cha kuchukua mtoto ni cha yatima. Akaongeza sauti ya simu nami nisikie. Mtoto anapenda kubebwa, kijana akaeleza. Analala katikati yao. Anasikia baridi, kwa hiyo bibi amshonee koti: shingo sentimita thelathini na tano, kifua sitini.

"Kifua hicho cha mtoto au cha pipa?" nikauliza.

"Amelishwa vizuri," dada akanijibu, akakata kitambaa cha sufu alichojiwekea mwenyewe. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jumamosi tukapanda basi kwenda kwao. Mkwe akatufungulia mlango akinong'ona, eti mtoto amelala. Kweli alikuwa amelala, kwenye kochi, masikio yamelegea, ulimi nje. Mbwa. Kumbe kituo kilikuwa cha mbwa waliotupwa. Ana mto wake, ana blanketi lake, na picha yake ukutani ni kubwa kuliko ya harusi. Mbwa wetu wa zamani alilala nje, na akibweka tulijua kuna mgeni. Huyu alipotuona alijificha nyuma ya mto, na hao wasomi wawili, kijana na mkewe, wakamwomba radhi kwa kumshtua.

"Mwamkie bibi," mkwe akamwambia.

"Bibi wa nani?" nikauliza mimi.

"Mama mdogo, usianze," kijana akasema. Kisha akamgeukia mama yake, aliyekuwa amesimama na koti mkononi. "Mama, watoto hatutazaa. Tumeshaamua. Huyu anatutosha."

Nilitaka kumpasha huyo baba wa mbwa, na maneno ninayo mengi. Dada akaniwahi. Akapiga magoti kwenye zulia, akatoa tepu.

"Mleteni nimpime upya."

Akapima shingo, kifua, mgongo, miguu yote minne. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Niliumia kumwona, nikamshikia koti. Alipomaliza akafungua daftari lake la vipimo. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika "Mjukuu". Akalikata neno hilo kwa mstari mmoja, akaandika "Mbwa".

"Mama, si ungeliacha tu," kijana akasema.

"Hili ni daftari la kazi, mwanangu," dada akamjibu. "Nikifa, fundi mwingine akisoma 'mjukuu', atashona mikono miwili."