Dawa Inayoishia Njiani

Mama aliugua TB kabla sijazaliwa. Alipona, lakini mapafu yalibaki na makovu, na kila vumbi la kijijini kwetu Matiliku lilipozidi, usaha ulirudi kifuani. Mwaka jana nilimpeleka Kitui kwa daktari wa kifua. Alimvalisha barakoa ya mashine ya mvuke, antibiotiki ikawa inaingia kama ukungu. Mama alivuta, akakohoa, akavuta tena.

"Inaishia njiani," daktari aliniambia kwa Kiswahili, ambacho Mama hakijui. "Huko chini makohozi yameziba. Kuna watafiti wanaochanganya dawa na ute wa kutengenezwa, unaofanana na ule unaoteleza ndani ya mapafu, ili uibebe hadi chini kabisa."

"Tutaupata wapi, daktari?"

"Bado uko maabara. Hata Nairobi hakuna."

Mama alisogeza barakoa. "Amesema nini?" aliniuliza kwa Kikamba.

Nikamwambia tu avute polepole. Alivuta kwa nguvu zake zote, nami nimemshika mgongo, nikihisi kifua kikikoroma vilevile.

Tulirudi nyumbani na dawa ileile. Bado anakohoa, na bado sijamweleza.