Nota za Mkono Uliokatwa

Nilijifunza solfa kwa kupigwa. Mwalimu wetu wa kwaya pale mjini, mtaa wa Kamunyonge, alikuwa na kipande cha mpira wa tairi, na ukiimba fa mahali pa mi kilitua mgongoni kabla hujafunga mdomo. Mpaka leo nikiiona herufi f kwenye karatasi ya wimbo, mgongo unakaza wenyewe. Ndiyo maana sina subira na vijana wanaokuja mazoezini kubishana eti nota za mistari ni bora kuliko solfa, au solfa ni bora kuliko mistari. Bora kwa nani, na kwa kazi gani? Hilo hawaulizagi. Mmoja alinichosha mpaka nikamshika ukosi nikamtoa nje.

Nota za mistari ni za mpiga kinanda. Zinamwambia aguse wapi na aachie lini, na ukianza kwenye G ni G, hata kama soprano wote wana mafua. Solfa ni ya mwimbaji. Haijali umeanzia wapi, inakuonyesha tu uko mbali kiasi gani na nyumbani, na nyumbani ni do, popote utakapoiweka. Katika kwaya yangu yupo mama anayeuza dagaa sokoni Mwigobero, hajawahi kugusa kinanda maishani mwake, lakini mpe karatasi ya herufi atakuimbia alto bila kupepesa macho. Mpe mistari atakuuliza hizi mbegu umemwaga za nini.

Kaka yangu hakujua mistari wala herufi. Yeye alikuwa mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi nane, huko kwetu kijijini upande wa Butiama. Nyimbo za marehemu baba zote zilikuwa vidoleni mwake. Na alikuwa na ulimi mchafu. Akikuchukia anakutungia wimbo, na jina lako linaimbwa minadani mpaka unatamani kuhama.

Akamtungia jirani yetu. Ng'ombe wa yule bwana walikuwa wamekula mihogo yetu, kaka akaimba kwamba huyu ni mwanamume anayechungwa na ng'ombe wake. Watoto wakaushika wimbo. Wake za jirani wakawa wanazomewa kisimani. Siku ya harusi moja, mchana kweupe, nami nimetoka mjini kuja kula pilau, jirani akaingia uwanjani na panga. Kaka akainua mkono wa kulia ajikinge. Vidole vitatu vya katikati vilianguka vumbini, na kuku mmoja akasogea kuvitazama. Mimi nilichukua mchi uliokuwa karibu nikampasua jirani taya, nikamwongeza pigo jingine begani, mpaka wanaume walipotuchapa fimbo wote wawili tukaachana.

Jirani alifungwa, akatoka. Alipotoka, wazee wa pande zote mbili wakachinja, tukala nyama pamoja. Neno lilikuwa moja: jambo hili lisitajwe tena kwa mdomo. Atakayelitaja ndiye kavunja nyama, na safari hii watu watazikana. Kwetu nyama ya namna hiyo haichezewi. Jirani aliyeokoka huko gerezani akaingia kwaya ya kanisa la kule nyumbani akawa anaimba besi, na kaka akalitundika litungu lake ukutani. Alikuwa amebakiwa na kidole gumba na kile cha mwisho. Kukaa karibu naye kulikuwa adhabu, maana alikuwa anapiga kila kitu kilichomkaribia: mbwa, mkewe, hata mlango.

Basi siku moja akaja kwangu Kamunyonge na litungu kwenye gunia. Akaniambia, “Mura, kijana wangu, hizi nyimbo za baba zitaoza na mimi. Wewe si ndiyo msomi wa kuandika sauti? Andika.”

Nilifurahi, sitaficha. Nikakaa na kalamu, yeye akagusa uzi kwa kile kidole gumba, nami nikaimba mi.

“Juu,” akasema.

Nikaimba fa.

“Chini, mjinga wewe.”

Hapo katikati solfa haina herufi. Nikajaribu mistari, nayo haina mstari wa hapo. Nilipomwambia achague moja, mi au fa, akanipiga teke la goti nikaanguka na kiti. Nilimrudishia. Tulipigana sebuleni, watu wazima wenye mvi, mke wangu akatumwagia maji ya vyombo. Tulipotulia ndipo nikaacha ujuaji. Nikazipa nyuzi namba, moja mpaka nane, na juu ya kila namba nikaandika kidole gani kiguse. Hazikusema sauti inaitwaje, zilisema tu mkono uende wapi. Kaka akanishika mkono wangu akanitembeza juu ya nyuzi, nikikosea ananizaba kofi, na kwa namna hiyo nyimbo za baba zikaingia kwenye karatasi moja baada ya nyingine. Nakiri nililia kidogo siku ile nilipoupiga mmoja mpaka mwisho bila kofi.

Wa mwisho alisema ni wimbo wa baba wa kupeleka ng'ombe maji.

“Huu hauna maneno,” akasema. “Utilie ya kanisa. Kwaya yako iuimbe kwenye mashindano.”

Kwaya haiwezi kuimba namba za nyuzi, watakutazama tu. Kwa hiyo nikauhamishia kwenye solfa, pale katikati nikaweka mi nikaomba radhi kwa marehemu, nikatunga maneno ya kutoa sadaka. Ukawa wimbo mtamu kweli. Kaka akaniuliza kama kwaya ya kule nyumbani nayo itakuja Bunda kwenye hayo mashindano. Nikamwambia itakuja.

Ninyi msiotoka kwetu mjue jambo moja. Wimbo wa litungu una mlango wake. Nyuzi zinatangulia, zinazunguka weee, ndipo mdomo unafunguka. Ule wimbo wa kumtukana jirani mimi nilikuwa nimeusikia kwenye midomo ya watoto wakikimbia njiani, kipande cha mdomo tu. Mlango wake sikuwahi kuusikia, kwa sababu nilikuwaga mjini. Watu wa kijijini walikuwa wameusikia kila jioni ya pombe.

Bunda ukumbi ulijaa. Nilisimama nimewageukia waimbaji wangu, mgongo kwa watu, nikainua mikono. Soprano wakaanza, alto wakaingia. Mstari wa kwanza haujaisha ukumbi ukanyamaza, nikajisemea leo tumewakamata. Tukarudia. Ndipo kijana mmoja kule nyuma, kwa sauti ya kuvuta, akaingia pale pale mdomo unapopaswa kuingia, akaimba: mwanamume anayechungwa na ng'ombe wake. Watu wakacheka. Wengine wakampokea.

Nilishusha mikono. Niligeuka nikamwona jirani amesimama katikati ya besi wenzake na joho lake jeupe. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama dirishani, na dirishani alikuwa kaka, ameegemea nondo, uso umenawiri kuliko siku yake ya harusi.

Wana wa jirani, waliokuwa kwenye kwaya hiyo hiyo, ndio walionifuata. Benchi la kwanza lilimpata yule mama wa dagaa mdomoni, akatema meno mawili juu ya karatasi yake. Mwimbaji wangu mmoja wa sauti ya tena alivunjwa mkono na stendi ya maikrofoni. Mimi nilipigwa kichwani na kitu sikijui, nikamshika mtoto mmoja wa jirani nikamkaba kwa joho lake mwenyewe mpaka macho yakamtoka, na ningemmaliza kama asingenivuta padri. Kinanda kilianguka kikaendelea kulia sauti moja. Nje watu walikuwa wanarushiana mawe, na baadhi yao hata hawakujua ugomvi ni wa nini.

Wazee wakaita kikao kule nyumbani. Mapanga na fimbo vikaachwa mlangoni. Jirani na wanawe upande huu, sisi upande ule, mimi na bandeji kichwani. Wakamuuliza kaka kama amevunja nyama.

“Mimi sijafungua mdomo,” akajibu. “Aliyenisikia nikitaja aseme.”

Kweli hakuna. Wakaitaka ile karatasi ya wimbo. Ikapita mikononi, kila mzee anaigeuza, mpaka ikafika kwa mwalimu mstaafu anayejua solfa. Akaisoma kwa miwani, polepole. Do, re, mi, sadaka, Bwana pokea. Hakuna jina humo, akasema, wala ng'ombe, wala tusi. Wakaniuliza mimi kama nilijua. Nikasema sikujua, na ningeweza kumvunja kaka shingo pale pale, kwa kunifanya fimbo yake. Wazee wakaanza kunong'onezana kwamba kosa ni la yule kijana mlevi wa nyuma, alipe mbuzi, yaishe.

“Mwambieni aache,” jirani akasema.

“Aache nini, bwana?”

“Anapiga. Mimi nasikia.”

Wazee wakatega masikio, hawakusikia kitu. Kaka alikuwa ametulia kama mtu aliye kwenye sala, ule mkono mbovu umelala juu ya goti. Lakini mimi nilikuwa nimemwandika. Gumba likigusa suruali naona uzi wa kwanza, kidole cha mwisho naona wa tano, tena wa tano, halafu gumba linateleza kwenye wa tatu. Wimbo mzima ulikuwa pale gotini, mlango wake unazunguka na kuzunguka.

Mzee mmoja akamwamuru aweke mkono mfukoni. Kaka akatabasamu, akautia mfukoni, na kitambaa cha suruali kikaendelea kuchezacheza. Jirani akasimama, na wanawe wakasimama naye, wakaelekea mlangoni kwenye yale mapanga.