Chonge la Chini, Kushoto

Nikifunga mdomo, taya langu halifungi moja kwa moja. Meno ya mbele yanagusana kwanza, kisha taya lote linateleza kushoto kutafuta pa kukaa. Nilidhani watu wote hufanya hivyo, mpaka chuoni, mwenzangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja aliponitazama nikila akasema, "Oya, unatafuna kama mbuzi aliyeiba mahindi." Nilicheka. Nilipoanza kazi Mbeya taya likaanza kulia ka! kila nikipiga miayo, na asubuhi nikawa naamka kichwa kinaniuma upande mmoja.

Daktari wa kwanza, hapo hapo Mbeya, hakunichungulia sana. "Meno ya juu yamebanana. Tutang'oa mawili, hapa na hapa, kisha tufunge waya."

"Yameoza?"

"Hayana shida."

"Sasa yanang'olewa kwa kosa gani?"

Akamgeukia nesi. "Huyu mwanasheria, nini?"

"Nilisoma takwimu," nikasema.

"Basi baki na takwimu, meno niachie mimi."

Nikapangiwa siku ya kung'oa. Sikuwa naogopa sindano ya ganzi. Niliogopa kwamba jino la ukubwani likitoka halirudi, na kama daktari amekosea, nitakuja kulijua hilo nikiwa kibogoyo. Watu kazini waliniambia nimezidi ubishi. Huenda. Lakini mdomo ulikuwa wangu, nikaenda Iringa kutafuta mtu mwingine.

Huyu alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa kupanga meno. Alipiga eksirei, akaiweka kwenye mwanga, akawa anahesabu kwa ncha ya kalamu. Kalamu ikasimama.

"Chonge la chini kushoto liko wapi?"

"Sijawahi kuwa nalo."

"Hata ndani ya mfupa halimo. Na jino la jirani yake limeota limepinda. Mama yako yupo?"

"Yupo kijijini, Mufindi."

"Kamuulize kama ulitolewa meno ya plastiki."

Nilikuwa nimeyasikia. Mtoto mchanga akiharisha na kuchemka, watu humpapasa fizi, wakiona uvimbe mweupe wanasema hayo ni meno ya plastiki, yachimbuliwe kabla hayajamuua. Kinachochimbuliwa ni mbegu ya jino lenyewe. Chuoni tuliwahi kuicheka habari hiyo, kama jambo la watu wengine.

"Jibu lake litabadilisha nini?" nikamuuliza.

"Kama hukuumbwa nalo, nitapanga hivi. Kama palichimbuliwa, nitautazama mfupa wa hapo kwa jicho jingine kabla sijagusa kitu. Nenda."

Jumamosi nilipanda basi hadi Mafinga, nikaunganisha Igowole. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye mashamba ya chai. Mama alikuwa jikoni anachagua viazi vya mbegu.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda? Mbeya hawali?"

"Wanakula, mama. Mimi ndiye siwezi kutafuna."

Kisha nikamuuliza bila kuzunguka, kama ninavyouliza kila kitu. Mikono yake ikatulia juu ya viazi.

"Nani kakwambia?"

"Picha imeonyesha."

"Imeonyesha na ulivyokuwa siku hiyo?"

"Hapana."

"Basi haijui kitu."

Akasimulia huku anatazama moto. Nilikuwa bado sijaanza kukaa. Nikawa natapika, naharisha, ziwa nimelikataa. Kabla yangu alizika mtoto aliyeanza vivyo hivyo. Jirani akampeleka mama kwa bibi mmoja, na bibi huyo akanichimbua fizi kwa spoku ya baiskeli. "Ulilia mpaka sauti ikakatika. Jioni ukanyonya."

"Mama, pengine ulihitaji maji ya chumvi na sukari tu. Pengine ungepona hata bila kuguswa."

"Pengine! Wewe na pengine yako. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine nyuma ya nyumba."

Nimefundishwa kwamba watoto wawili si ushahidi wa lolote. Maneno hayo yalinifika ulimini nikayameza. Kaburi lile nilicheza kando yake utoto wangu wote, na sikuwahi kuuliza aliyelala pale alikufa na nini.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Akaingiza kidole gumba, kina harufu ya udongo, akapapasa pale penye pengo.

"Nilikuwa nakuona unatafuna upande. Nikajua ni hapa." Akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga. "Na sasa watakung'oa mengine?"

Nikainama nikamsaidia kuchagua viazi. Usiku ule hakula.

Jumatatu nilirudi kwa yule daktari wa Iringa nikamweleza. Aliitazama tena picha, akabonyeza mfupa kwa muda mrefu.

"Ya juu hatung'oi hata moja. Umeshapungukiwa, nisikupunguze tena. Tutafungua nafasi ya chini kwa waya, polepole, kisha tuweke jino la bandia. Utasumbuka sana."

"Una uhakika litakaa?"

"Sina. Ila likishindikana, bado utakuwa na meno uliyonayo leo."

Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali la kuongeza. Nikatoka nje nikampigia mama.

"Hawang'oi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akiwapazia sauti watu wa nyumbani, kwa Kihehe, kwamba hawang'oi, jamani, hawang'oi. Simu ilikuwa bado sikioni. Nikafunga mdomo, na taya likateleza kushoto, mahali lilipozoea.