Ruta ya Chumba cha Nyuma

Binti mkwe hakuwa na papara dukani. Kila boksi la ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, aliligeuza juu chini, akasoma maandishi ya pembeni huku akigonga meno kwa ukucha, vilevile afanyavyo jikoni akionja chumvi. Mama mkwe alimtazama kwa wivu. Tangu binti huyu aingie nyumbani, mwanawe hanunui hata kitasa bila kumwuliza.

“Tuchukue hii nyeusi,” mwanawe alisema. “Ina antena sita!”

“Antena tutazila, mume wangu?” mkwe akamjibu. Mwana akacheka, akairudisha kwenye rafu. Kicheko kile zamani kilikuwa cha mamaye.

Mkwe akachagua kadi ya mtandao ya laptopu ya mumewe, ya kunasia Wi-Fi, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imekufa, kisha akamgeukia muuzaji. “Ruta tutaiweka sebuleni, na kuta zetu ni za mawe. Mtandao utafika chumba cha nyuma? Mama hulala huko na husikiliza ibada kwenye simu, inakatikakatika.”

Mama akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kweli kabisa. Ila swali lile alitamani litoke kinywani mwa mwanawe. Naye mwana alikuwa kwenye rafu, bado anazihesabu antena za ruta ile nyeusi.