Manyoya ya Seneta

Verna Stubblefield alikuwa akifunga vyambo vya manyoya vya kuvulia samaki mezani kwake jikoni, nami nikiviuza dukani kwangu kando ya mto Umpqua, huku Oregon. Samaki aina ya samoni na stilihedi wakianza kupanda mto kutoka baharini, wavuvi huulizia vya Verna kabla hata ya salamu. Ila yeye mwenyewe hakuwa ameingia majini tangu mumewe, Harlan, afariki. Alisingizia magoti. Magoti hayohayo yalimpandisha mlimani kuchuma uyoga kila vuli.

Mwaka ule manyoya ya rangi ya tangawizi yalimwishia. Mwenye jogoo wa rangi hiyo alikuwa jirani yake, Dell Orcutt, aliyewahi kuendesha lori la magogo. Walikuwa hawasemezani tangu jogoo huyo, aitwaye Seneta, achakure kabichi za Verna. Siku moja nilipompelekea ndoana, nilimkuta Verna kesha kwenda kusimama uzioni.

"Orcutt, nipe manyoya machache ya shingo ya huyo mwizi wako."

"Seneta si mto wa kulalia. Kanunue."

"Nasikia msimu mzima hujapata hata samaki wa kumwonyesha paka."

Dell akakohoa. Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua.

"Nipe manyoya, nikufungie chambo," Verna akasema. "Ukikosa samaki, silalamiki tena kuhusu kabichi."

"Hata akizila zote?"

"Hata akihamia humo."

Dell alimkimbiza Seneta kuzunguka banda mpaka akateleza, akakaa topeni kitako. Verna alimwaga mahindi kidogo, akamnyakua jogoo, akamchomoa manyoya mawili matatu huku akimbembeleza kama mtoto anayekatwa kucha.

Jikoni aliibana ndoana kwenye jiliwa dogo. Akaizungushia uzi mweusi, kisha sufu ya zambarau, kisha utepe wa fedha. Unyoya wa Seneta ukaja mbele, akauzungusha taratibu hadi nyuzi zake zikasimama kama ndevu. Juu akalaza nywele za mkia wa kulungu, akapiga fundo, akatia tone la gundi. Dell alikuwa amesogeza kiti karibu, akidai amekuja kulinda mali yake.

"Harlan ndiye aliyekufundisha?" akauliza mwishowe.

"Mimi ndimi niliyemfundisha Harlan."

Kesho yake tulikwenda sote mtoni. Dell alirusha mshipi asubuhi nzima, akaambulia majani. Akatoka majini, akampa Verna fimbo ya kuvulia.

"Rusha wewe."

"Magoti yangu, Orcutt."

"Basi shika mkanda wangu."

Waliingia hatua kwa hatua, maji yakamfika Verna kiunoni. Alirusha mara ya kwanza, mshipi ukaanguka kama tambi. Mara ya pili ukalala umenyooka, chambo kikavuka mkondo, na ghafla fimbo ikapinda.

"Mwachie akimbie, usimvute," Dell akamwambia.

"Nyamaza. Nilikuwa navua kabla hujajua kuendesha hata baiskeli."

Stilihedi aliruka juu, akang'aa, akatuvutia mshipi hadi kwenye miamba. Verna alimrudisha kidogo kidogo, akihema. Alipomfikisha ukingoni tuliona lile pezi dogo la mgongoni, ambalo samaki wa kufugwa hukatwa wakiwa wadogo, halijakatwa: huyu alizaliwa mtoni, sheria ni kumwachia. Akamshika mkia ndani ya mkondo mpaka samaki alipopata nguvu, akajichomoa na kwenda zake. Verna akakaa juu ya jiwe, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mimi bado sijapata kitu," Dell akasema polepole. "Kwa hiyo habari ya kabichi imekwisha."

"Imekwisha, mjanja wewe."

Alasiri Verna aliingia dukani bado ameloa, akaniuliza kama nina suruali ya mpira ya kuingilia majini.

"Si unayo ya Harlan?" nikamuuliza.

"Ile ni ya Harlan. Nataka yangu, Jumamosi tunarudi."

Nilimletea tatu ajaribu. Akachagua yenye mifuko mingi.