Kumi Tatu

Mpaka leo nikimsikia mtu akitaja bei bila "na", ishirini tano, thelathini mbili, damu inanichemka. Ndivyo tunavyosema mitaani kwetu Eastlands, hiyo "na" tuliitupa zamani. Mimi iliniponza.

Nilikuwa nimeoa. Mchana nakata matairi ya kutengenezea soli kwa fundi wa viatu sokoni Kariokor, usiku nalala Majengo kwa wakwe, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mwanamume mzima, ukikohoa mkweo anakusikia! Basi ikaja habari kwamba kampuni moja ya mizigo inatafuta wanyanyua vyuma wa timu yao ya michezo, na atakayechukuliwa atapewa kazi na nyumba. Nikaenda kuanza mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa.

Chuma chenyewe kilikuwa bomba lenye makopo ya simiti huku na huku. Wazoefu walikuwa na maneno yao, mara seti, mara repu. Kwetu seti ni ya vikombe, sikuyajali. Siku ya kwanza kocha akaninyooshea kidole: "Wewe, kumi tatu. Kila zoezi." Akaenda zake.

Nikapiga kumi na tatu. Mikono ikawaka moto, nikatua chuma, nikaenda kukaa ukutani. Wenzangu walifika kumi, wakatua, wakapumzika, wakaanza upya. Wallahi niliwahurumia. Maskini, hawawezi kufika kumi na tatu kwa mkupuo mmoja! Kocha akipita pale ukutani alinitazama akaguna, nami nikadhani ananistaajabia. Tukaendelea hivyo miezi.

Siku ya uteuzi alikuja mtu wa kampuni. Kocha akaita wenzangu mmoja mmoja, mimi hakuniita. Nikamfuata.

"Mwalimu, na mimi je?"

"Wewe mvivu. Nakupa seti tatu, unapiga moja unakwenda kukaa kama bwana harusi."

"Nilipiga kumi na tatu!"

"Nani alikwambia kumi na tatu? Kumi, pumzika. Kumi, pumzika. Kumi. Kila kumi ni seti, na kila ukinyanyua mara moja ni repu. Si ungeuliza?"

Ati ningeuliza! Mtu huuliza asichokijua. Mimi nilijua!

Nikamsihi anijaribu pale pale. Seti ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili nikaimaliza kwa shida. Ya tatu chuma kikagoma kifuani, wakaja watu wawili kuniondolea. Yule wa kampuni alikuwa ameshageuka, anazungumza na wengine. Nilitamani kulia kwa hasira.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amefunga vyombo vyetu vyote kwenye kanga. Mama mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia, kwa upole kabisa, "Baba, mnahama lini?"

"Bado, mama," nikajibu.

Mke wangu alikaa chini akaanza kufungua fundo la kanga.