Chupa ya Hopsi Mbele ya Kioo

Mungu alimpa kinyozi huyu mikono myepesi, akamnyima masikio. Ukimwambia punguza kidogo, unatoka kipara. Mtaa mzima ulimwita Najua, maana ndilo neno lililomtoka kabla hujamaliza lako.

Binti yake aliyeolewa mbali alipomletea boksi la kutengenezea bia nyumbani, Najua alijiona kiwanda. Ndani mlikuwa na mkebe wa shira nzito ya shayiri, hamira, na pakiti ya hopsi. Hopsi ni yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Haya yalikuwa yamesagwa na kushindiliwa yakawa vidonge vya kijani, kama chakula cha sungura.

"Baba, hii pakiti usiifungue mpaka siku ya kutia," binti alimwasa. "Iweke friza. Hopsi haitaki hewa, haitaki joto, haitaki mwanga."

"Najua."

Sasa mwenye kujua ataficha vipi ujuzi wake ndani ya friza? Kesho yake vidonge vilikuwa kwenye chupa, mbele ya kioo cha kunyolea, chini ya taa mbili zinazochoma, kati ya poda na spiriti. Kila mteja alinusishwa.

"Vuta! Vuta kwa pua zote mbili!"

Wateja walivuta, wakapiga chafya, nywele zikatapakaa. Chupa ikafunguliwa mara ishirini kwa siku, mwezi mzima, kabla hata shira haijatiwa maji. Kijani kikafifia, kikawa rangi ya majani makavu.

Mkewe, mshonaji, mtu wa sala asiyeonja kileo, alinusa mara moja akairudisha chupa mezani.

"Baba nanihii, kitu hiki kimeharibika."

"Kimekomaa. Wewe hunywi, utajuaje?"

"Sinywi, lakini pua ninayo."

Hapo shira ilikuwa imeshatiwa maji na hamira, ndoo ya bia imekaa stoo ikichachuka, na cherehani ya mama imefukuzwa humo, iko ukumbini, wageni wanajikwaa. Yeye hakugomba. Alisema tu, "Alika watu. Wakimaliza glasi zao, ndoo ibaki, nami sitafungua mdomo tena. Wakibakiza, ndoo itoke."

"Nimekubali. Anza kuitafutia cherehani yako nyumba ya kupanga."

Bia ilipokaribia kutulia, akamimina chupa yote ya hopsi ndani, akangoja siku zake, akaitia kwenye chupa ikapata gesi. Jumamosi mchana wakaja watatu: mwalimu mstaafu, fundi bomba, na fundi viatu, ambaye ni kaka wa mama mwenyewe.

Povu lilipanda vizuri, haki yake tumpe. Mwalimu alionja, akageukia dirisha na kuanza kusifu mapazia. Fundi bomba akakumbuka ghafla kwamba yuko kwenye dozi. Fundi viatu alinusa, akanusa tena, akafumba macho.

"Shemeji, harufu hii naijua. Nakaa nayo tangu asubuhi mpaka jioni. Hiki ni kiatu cha mlinzi, cha masika."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye glasi.

"Ndimi zenu zimezoea vya dukani," Najua alisema.

"Sawa, sisi washamba," fundi viatu alijibu. "Ya kwako mbona imejaa?"

Kweli ilikuwa imejaa. Akainyanyua kama mtu anayekula kiapo. Funda la kwanza likapita. La pili likapita na machozi. La tatu lilifika kooni, likagoma, akalirudisha kwenye glasi mbele ya watu wazima.

"Mwenye nyumba hahesabiwi," alisema akijifuta. "Tulisema wageni."

"Haya, wageni," mkewe akajibu kwa upole. "Glasi tatu, na zote tatu zimejaa. Kaka, nishikie ile ndoo."

Wakaitoa, na chupa zilizobaki zikamwagwa kwenye mfereji. Nzi waliokuwapo wakahama. Kabla ya jua kuzama cherehani ilikuwa stoo, inakimbia pindo la shuka, na Najua amekaa ukumbini peke yake katika nafasi aliyoachiwa, hana pa kujikwaa.

Jumatatu wateja walimuuliza bia imekuwaje. Akamwinamisha kichwa aliyekuwa kitini, akapuliza nywele shingoni.

"Bia ilikuwa safi kabisa. Watu wa mtaa huu ndio bado hawajafikia."